Siku Nilompandisha Bi Zuhura Punda wa Dagaa

Mkasa huu kwa miaka mingi nlikuwa siusemi, na mtu akiuanzisha mbele yangu huinuka nikajidai nakwenda kuangalia kama gari nimelifunga. Lakini maadam leo mmeshaanza kutoleana aibu zenu mmoja mmoja, na maadam dada yangu Asya yuko hapo na kikombe chake cha kahawa ananitazama kwa jicho lile, bora niuseme mwenyewe kuliko kusemewa, maana yeye akiusimulia huongeza chumvi (husema nlikuwa nalia, sikulia, lile lilikuwa jasho). Naona haya mpaka leo. Soko la Sib, huku Oman, silipiti bila ya kilemba kichwani na kanzu mpaka kifundoni, hata iwe nimekwenda kununua malimau tu.

Mambo yalianzia mbali. Mwaka wa sitini na nne, tulipotawanyika Unguja kila mtu na njia yake, mie nlikuwa na miaka kumi na tisa, na njia yangu ikanitupa Uingereza, si London lakini, nlitupwa katika mji mdogo wa pwani, mji wa watu kwenda kupumzikia, ambao miezi tisa umelala na miezi mitatu umejaa watu hata mchanga huuoni. Nlikwenda kusomea ukarani. Na nnakwambieni kweli, nliupenda mji ule, na nlikuwa sitaki kuupenda, maana nlitoka kwetu moyo umenivunjika na nliona kama nikipenda mahala pengine nimekwenda kinyume na kwetu.

Lakini utafanyaje? Bahari yao ya kijivu, ukitia mguu unahisi umekatwa kwa shoka, na wenyewe wanaifurahia kama wamepewa zawadi. Wazee wanakodi viti vya turubai, wanakaa mwezi wa saba na makoti yao, chupa ya chai baina yao, wanaitazama bahari tangu asubuhi mpaka jioni hawasemezani, halafu bibi anamwambia bwana, siku ilikuwa nzuri leo, wanakunja viti wanakwenda zao. Kuna gati la chuma limeingia mbali baharini, na halifungi chombo hata kimoja, watu wanakwenda mpaka mwisho wake, wanatazama maji, wanarudi. Kuna samaki na chipsi zinamwagiwa siki na kufungwa katika gazeti, unakula unatembea, na ndege wa pwani wanakuja kukunyang'anya mkononi. Wanaume watu wazima, mameneja wa benki, wanakunja suruali mpaka magotini, wanachukua hanchifu nyeupe wanaifunga fundo pembe zote nne wanaivaa kichwani kukinga jua (jua lenyewe liko wapi), na hakuna anayewacheka.

Nlikaa kwa bibi mmoja akiitwa Bibi Doris, mwenye nyumba ya wageni, na sharti lake ni kuwa saa nne asubuhi kila mtu awe nje, na hakuna kurudi mpaka saa kumi na moja, inyeshe isinyeshe. Mie nlikuwa mpangaji wa mwaka mzima lakini sharti lilinipata vilevile. Kiangazi cha mwanzo nlitolewa nje na mvua, nikazurura pwani mpaka nikakutana na Mzee Alf, mwenye punda sita wa kupandisha watoto, akanambia kijana, kama huna pa kwenda shika kamba hii. Nikashika. Nikaishika viangazi sita. Kazi yenyewe rahisi: unampakia mtoto, unampiga punda makofi mawili ya matakoni, taratibu, naye anakwenda zake mpaka kwenye bendera nyekundu, anageuka mwenyewe, anarudi. Huna haja ya kumfuata wala kumkamata. Punda anajua kazi kuliko wewe.

Sasa hapa ndipo shetani aliponiingilia. Huku Maskati alikuwapo Bi Zuhura, jirani yetu wa Malindi kule Unguja, shoga yake marehemu mama yangu, mjane, na binti yake Rayya. Nlikuwa nikimwandikia Bi Zuhura barua, na Bi Zuhura hati za Kizungu hasomi, anasomewa na Rayya, kwa hivyo mnafahamu nlikuwa namwandikia nani. Akaniuliza katika barua moja, mwanangu, na kazi unafanya? Nikakaa na kalamu. Mtoto wa watu, baba yake alikuwa na shamba la mikarafuu, wewe unamjibu unafuata punda? Nikaandika kuwa wakati wa kiangazi nasimamia usafiri wa wageni ufukweni. Si uongo, yakhe. Lakini ile barua ilipofika, Bi Zuhura akaisomesha mara tatu, akavaa buibui, akatoka, na nyumba baada ya nyumba Matrah yote, mji waliokuwa wakikaa, ikaambiwa kuwa mtoto wa marehemu Bi Sharifa ni mkubwa wa usafiri Uingereza.

Mwaka wa sabini mambo yalipobadilika huku na watu wakaitwa warudi, nikarudi, nikapata kazi ya kufasiri makaratasi katika ofisi ya serikali, na mwezi wa pili tu nikapeleka posa. Bi Zuhura radhi, Rayya radhi (alisema "shauri ya mama," na mwenye kufahamu alifahamu), lakini walii wa Rayya, mwenye kauli ya kumuozesha, ni ami yake, Sheikh Khalfan wa Sib, kaka wa marehemu baba yake. Huyu hakupata kutoka Oman maisha yake. Kiswahili hajui hata "jambo". Na sisi tulorudi kutoka nje alikuwa akituona watu wepesi wepesi, wa maneno mengi na mikono laini. Akatuma kusema: Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, mjeni, nimuone kijana kwa macho yangu, nikimpenda nitasema ndiyo na nisipompenda lisirudiwe neno hilo.

Mmelisikia hilo la mwisho. Yaani ni saa ile moja tu, ama nimepata ama nimekosa, na Rayya akiolewa na mwengine mie nimebaki kufasiri makaratasi.

Basi Alhamisi ile nikaazima Landrova ya ofisini, tukatoka Matrah asubuhi: mie, Asya, Bi Zuhura na Rayya. Nyuma nimetundika kanzu mpya imepigwa pasi na dada, joho la kuazima, jambia la kuazima, kilemba, na sinia ya halua. Mwenyewe nimevaa suruali na shati, nitabadilisha tukikaribia. Njia wakati ule mashimo na mchanga, lakini nliendesha kama mtu anayefukuzwa, na saa nne asubuhi tuko Sib. Alasiri iko mbali. Asya akasema, "Twende kwa jamaa zetu wa hapa tukapumzike mpaka wakati ufike." Shauri la mtu mwenye akili. Na mie, badala ya kusema haya, nikasema, "Ah, mbona mapema, tupite pwani kwanza. Nikuonyesheni Waingereza wanavyokwenda pwani."

Neno hilo tu. Kila kitu kimetoka hapo.

Pwani ilikuwa nzuri, jua la mwezi wa kumi na mbili, maji yametulia, wavuvi wameshamaliza kuvuta nyavu. Nikawatandikia mkeka, nikamfungulia Bi Zuhura mwavuli, chai ikamiminwa, na mie nikaanza maneno. Nikawaeleza viti vya turubai na gati lisilofunga meli, nikamweleza Bibi Doris (Bi Zuhura akasema, "Mwenye nyumba akutoe nyumbani na umepanga? Hao watu wana moyo mgumu"), na Rayya anacheka chini chini nyuma ya ukaya wake, na kadiri anavyocheka ndivyo mie navyozidi kupanda kichwa. Mara nikakunja suruali mpaka magotini. Mara nikatoa hanchifu, nikaifunga fundo nne, nikaivaa. Asya akanambia, "Seif, teremsha suruali, hapa si kwao." Nikamwambia hakuna mtu. Na kweli hakukuwa na mtu, ila mvuvi mmoja anakunja wavu, na pembeni yake punda.

Punda mweupe, mrefu, masikio yamesimama. Mgongoni ana shogi la makuti, mifuko miwili huku na huku ya kutilia dagaa, na katikati pamepatikana kama kikalio. Bi Zuhura akamtazama, halafu akasema taratibu, "Alikuwa naye babu kama huyu. Shamba. Nlikuwa nikipandishwa nikapelekwa mpaka kisimani na kurudi. Mie toka babu afe sijapanda punda."

Sasa mtu mwenzangu, mama mkwe wako mtarajiwa anakwambia maneno kama hayo, na wewe una ujuzi wa viangazi sita, utakaa? Nikamwendea mvuvi. Nikamuuliza kwa Kiarabu changu (na Kiarabu changu wakati ule kilikuwa cha makaratasi na cha msikitini, najua kuomba dua, sijui kuomba radhi) kama nnaweza kumtumia punda kidogo. Akasema punda si wake, wake dagaa tu, punda wa mtu wa huko mashambani, lakini kazi ya leo imekwisha, mchukue. Akarudi kwenye wavu wake. Mie sikuuliza zaidi.

Tukamleta mpaka kwenye jiwe, Bi Zuhura akapanda juu ya jiwe, Asya na Rayya wakamshika huku na huku, akakaa upande, miguu pamoja, buibui limetulia, mwavuli juu. Wallahi alipendeza. Uso wake ulikuwa uso wa mtoto. Nikamwambia, "Usiogope mama, anakwenda mpaka pale anageuka mwenyewe." Na mkono wangu, wala sikuutuma, mkono ulojifunza kazi kwa Mzee Alf, ukampiga punda makofi mawili ya matakoni.

Ngojeni nikwambieni kitu ambacho mie nlikuja kukijua baadaye na kila mtoto wa Sib alikuwa akikijua. Punda wa dagaa pale hafuatwi na mtu. Mvuvi anajaza shogi, likijaa anampiga makofi mawili, na punda anakwenda peke yake mpaka nyumbani kwa mwenyewe, anasimama penye ukuta, wanawake wanampakua, wanampiga makofi mawili, anarudi pwani. Mzigo ukiwa mgongoni hasimami. Hana bendera, hana kugeuka. Kwake yeye alikuwa amepakiwa.

Akaondoka. Hatua kumi nzuri, Rayya anapiga makofi. Hatua ishirini, nikasema sasa atageuka. Hatua hamsini akaiacha pwani, akashika njia ya mjini. Bi Zuhura akageuza shingo. "Seif, mwanangu, tunakwenda wapi?"

"Tunarudi sasa hivi mama, anatafuta bendera."

"Bendera ipi?"

"Iko mbele."

Nikakimbia. Na punda akisikia mtu anakimbia nyuma yake, na yeye anakaza mwendo. Nikamfikia, nikaikamata kamba ya shingoni, nikakita visigino mchangani, akanikokota kama anakokota nyavu, mie na visigino vyangu, mpaka kiatu kimoja kikabaki nyuma. Nikaona nikivuta zaidi atamwangusha mama wa watu. Nikapiga kelele kwa Asya leteni gari. Gari nani alilete? Anayejua kuendesha ni mie na ufunguo uko mfukoni mwangu. Rayya na Asya wakaanza kutufuata kwa miguu, na nyuma mkeka na chai vimebaki mchangani, na halua na kanzu yangu ya posa katika Landrova.

Na mbele yangu, soko. Alhamisi asubuhi, Sib nzima imo sokoni. Nikafikiri haraka: mtu akikuona unamfukuza punda mwenye mwanamke mgongoni atasema nini? Bora nijifanye ndiyo nnamwongoza. Nikamtangulia punda, nikashika kamba, nikatoa kifua, nikatembea kama mtu anayekwenda anakokujua, kiatu kimoja, miguu wazi mpaka magotini, hanchifu ya mafundo kichwani (nlikuwa nimeisahau, naapa nlikuwa nimeisahau). Wauza vitambaa wakasimama na mita zao. Wazee wa kahawa wakashusha vikombe. Na Bi Zuhura kule juu, badala ya kujificha, mgongo umenyooka, mwavuli umenyooka, akawa anawapa salamu. "Assalamu aleikum. Assalamu aleikum." Huku na huku, kama bibi harusi. Wakaitika wote, wangefanyaje.

Mzee mmoja akanisogelea akaniuliza unampeleka wapi bibi huyu. Suali zuri kabisa, na jawabu mie sina, mwenye jawabu ni punda. Nikamwonyesha kwa kidole mbele. Akanitazama miguu, akanitazama kichwa, akawaambia wenzake neno sikulisikia, wakainuka wakatufuata. Wakafuatwa na wengine. Tulipotoka mwisho wa soko nlikuwa na watu arubaini nyuma yangu, na nyuma yao kabisa, mbali, Asya na kiatu changu mkononi.

Tukaingia mashambani, baina ya kuta za udongo na mitende. Punda akafika penye mlango wa mbao, akausukuma kwa kichwa, akaingia uwani, akenda akasimama sambamba na ukuta. Akasimama kweli. Ungempa teke asingetikisika. Wakatoka wanawake wawili na vikapu vya kutilia dagaa, wakamkuta Bi Zuhura. Vikapu vikabaki mikononi.

Na kutoka zizini akatoka mzee, shuka kiunoni, fulana, kichwa wazi, majani ya ng'ombe kifuani amekumbatia. Akasimama. Akamtazama mwanamke juu ya punda wake, akamtambua, maana ni mke wa marehemu ndugu yake. Akanitazama mie. Watu arubaini mlangoni wakatutazama sote wawili, mie na miguu yangu na yeye na miguu yake.

"Wewe nani?" akaniuliza kwa Kiarabu.

Nikajua ni yeye kabla hata sijajibu. Sauti ilitoka ndogo. "Mie Seif, ami. Mtu wa alasiri."

Sheikh Khalfan akalitazama jua. Saa sita haijafika. Akaweka majani chini taratibu. "Umekuja mapema," akasema. "Na hukumaliza kuvaa."

Basi hata kumteremsha Bi Zuhura likawa jambo. Yeye shemeji yake, hawezi kumshika. Mie posa haijajibiwa, siwezi kumshika. Wanawake wa vikapu wadogo, yeye Bi Zuhura Mungu kampa mwili. Tukasimama pale sote tumemzunguka na hakuna mwenye ruhusa. Mwisho wakapindua kinu, wakampa bega, akateremka hatua moja, hatua ya pili, akafika chini, akatengeneza buibui. Halafu akaanza kucheka. Kwanza mabega, halafu mwili mzima, akakaa juu ya kinu kile akacheka mpaka machozi, na Rayya ndiyo anaingia mlangoni hana pumzi, akasimama, akamshika Asya mkono, akasema, "Mama anacheka. Toka tuhame sijamsikia akicheka hivi."

Nikafikiri, Alhamdulillahi, nimeponyoka. Lakini Sheikh Khalfan si mtu wa kucheka akasahau. Watu walipokwisha kufukuzwa mlangoni na yeye akavaa kanzu, akaniita mbele ya wanawake wote, akaniuliza: "Nilisikia Uingereza ulikuwa mkubwa wa usafiri."

Nikaivua hanchifu kichwani.

"Usafiri gani?"

Nlikuwa nnaweza kusema mabasi. Neno lilikuwa liko ulimini. Lakini punda wake alikuwa amesimama pale pale ananitazama, na Bi Zuhura ameshaacha kucheka ananitazama, nikaona nikisema mabasi ntasema mabasi mpaka naingia kaburini. Nikasema, "Punda, ami. Nlikuwa napandisha watoto punda, pwani. Viangazi sita. Nampiga makofi mawili anakwenda mpaka kwenye bendera anageuka. Mkubwa alikuwa mwengine, mie nlikuwa nashika kamba."

Nikamtazama Rayya nikaona ameinamisha kichwa, nikasema basi, imekwisha. Sheikh Khalfan akaishika mikono yangu akaigeuza, akaitazama viganja, alama ya kamba ile ya punda wake imechora nyekundu. "Viangazi sita," akasema, "na hukujifunza kuuliza punda wa nani." Halafu akasema, "Mie sina neno juu yako. Mikono yako nimeiona. Lakini hukunidanganya mie. Muulize ulomdanganya."

Bi Zuhura alikuwa amekaa juu ya kinu. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa na hasira. Akanambia, "Seif, mie nlivaa buibui langu nikenda nyumba kumi na moja za Matrah nikasema mtoto wa shoga yangu mkubwa wa usafiri. Umenifanya muongo na mie sijui." Nikasema nisamehe mama. Akasema, "Nimekusamehe. Lakini nyumba zile utakwenda mwenyewe, pamoja na mie, moja moja, useme ulichosema hapa. Ukimaliza ya kumi na moja, tutasoma khutba ya ndoa."

Tulipokuwa tunarudi, karibu na Matrah, Rayya akasema kutoka nyuma, kwa sauti ya kujisemea, "Mie nlikuwa najua. Ile picha yako ya pwani uloitia ndani ya barua, kwenye pembe kuna sikio la punda." Karibu niingie mtaroni.

Basi tukaanza Jumamosi. Tunabisha hodi, tunakaribishwa, tunakaa, kahawa, halua, halafu Bi Zuhura ananitazama, na mie naanza: bibi, ile kazi mloambiwa. Wakacheka, wapi wasingecheka. Nyumba ya tatu walimwita mpishi aje asikie. Nyumba ya sita niliombwa nioneshe na makofi yenyewe. Kila nyumba halua, kila nyumba kahawa, mpaka moyo unanidunda na tumbo linauma, na habari ya hanchifu ilikuwa inatutangulia, kila tunapoingia wanakitazama kichwa changu.

Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya Bi Shemsa, mzee, macho yameshapungua nuru, alokuwa kwao Pemba. Nikasema maneno yangu, sasa nimeshayazoea, nikangoja kicheko. Hakucheka. Akauliza, "Walikuwa na majina?"

Nikasema, "Walikuwa nayo. Dezi, Prinsi, Tofi, Bahati jina nlilompa mie, na wawili wazee majina yao yamenitoka."

"Niambie."

Nikamwambia. Nikamwambia Prinsi haondoki mpaka apewe biskuti, na Dezi akila vifungo vya makoti ya watoto, na nikamweleza Mzee Alf akiwavua matandiko jioni kabla ya kujivulia koti lake mwenyewe lililorowa. Nikamweleza siku ya mwisho ya kiangazi, upepo umeanza, viti vya turubai vimefungwa kamba, maduka yamefunga, na sisi tunawarudisha punda nyumbani kwa njia ya baharini, hakuna mtu, kengele zao tu za shingoni, na Mzee Alf anazungumza na mimi habari ya mkewe aliyekufa kwa sababu hana mwengine wa kumwambia na mie namwambia habari ya Unguja kwa sababu sina mwengine wa kumwambia. Nikasema mpaka kahawa ikapoa. Sikuwa nimemwambia mtu mambo hayo hata siku moja. Nlikuwa nimeuonea haya mji ulonipokea.

Tulipotoka nje Bi Zuhura alisimama kidogo kizingitini kutafuta viatu vyake. Akasema, bila ya kunitazama, "Barua zote zile. Miaka yote ile Rayya ananisomea usafiri, usafiri, na mie nalala nafikiri mtoto wa shoga yangu yuko peke yake. Ungeniandikia haya ya leo, Seif, ningelala."

Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kuliko soko na kuliko miguu. Tulioana wiki ya pili. Na tangu hapo mtu akiniuliza unafanya kazi gani, nataja kazi yenyewe, na akitaka kuijua zaidi namwambia yote, hata kama kahawa imeshapoa na yeye ameshaanza kutafuta viatu.